Uko Wizara Gani?

Nkuhungu, alfajiri, bombani.
Ndoo zimepanga foleni, wenyewe bado wanapiga miayo.
Mama Mbeleje ananikagua: begi, raba,
shingo isiyo na kamba ya kitambulisho.
"Binti, mwezi wa tatu huu umepanga hapa.
Uko wizara gani?"

Mji huu kila mtu ana wizara.
Hata mbwa wa nyumba ya pili anafugwa na mtu wa Ardhi.
"Niko langoni," nasema.
"Lango lipi?"
"La kusini, kipindi cha kwanza.
Cha pili tunahamishiwa kaskazini."
Akatikisa kichwa, akakinga maji.
"Nyie mnahamishwa upesi."

Mkataba niliusaini juu ya boneti ya gari la katibu,
upepo ukiutaka, nikaubana kwa kiwiko:
hilo lilikuwa dako langu la kwanza la mshahara.
Baba akapiga simu kutoka Mvumi.
"Kudaka. Haya. Pensheni ipo?"
Nikasema nitauliza.
Sijauliza.

Mechi tisa nilikalia benchi,
nikimpasha Yusta mwili moto kisha nikivaa koti.
Ya kumi, goti lake likagoma dakika ya thelathini.
Alipopita kwenye machela hakuniombea dua.
Alisema, "Jua liko upande wa jukwaa. Chukua kofia."

Kofia niliisahau.
La kwanza sikuliona, niliona jua.
La pili, beki wetu alinigeuzia mgongo nikagonga naye.
La tatu lilikuwa zuri, sina neno.
La nne likapita katikati ya miguu yangu
taratibu,
kama kuku anayejua njia ya jikoni kwao.
Mtu akapaza sauti jukwaani:
"We golikipa! Lango si pazia!"
Watu wakacheka. Na mimi ningecheka,
ningekuwa nimekaa kule, nina karanga mkononi.

Kocha Ndahani hakuniita pembeni.
"Kesho saa kumi na mbili.
Uje na maji yako."

Basi nikaja. Na keshokutwa nikaja.
Vumbi jekundu likanikaa kwenye nyusi, kwenye chai, kwenye shuka.
Mwezi wa nane upepo wa Dodoma hauna adabu:
mpira unapigwa huku, unaenda kusalimia kule.
Wenzangu wanaulaani.
Mimi nimekua nikipepeta uwele na mama;
najua kabla hujainua ungo
unachota makapi kidogo, unayaachia, unatazama yanakoelekea.
Sasa kabla ya kona nachota vumbi,
naliachia.
Marefa wanadhani ni uchawi.

Kisha Jumamosi ile, penalti.
Mshambuliaji wao ana mabega ya mtu anayebeba maji mbali.
Aliangalia kulia kwangu, nikamwamini mguu, si macho.
Kushoto. Nikaufikia.
Kidole cha mwisho kikalia ko, kama kijiti cha kuwashia moto,
mpira ukapaa, ukagonga mtambaa panya,
ukarudi
miguuni pake.
Akaumalizia.

Kwenye karatasi ya refa imeandikwa: bao.
Hakuna safu ya kuandika kwamba mkono ulifika.
Ila mimi nilikuwepo.

Jumatatu, bombani, kidole kimefungwa plasta na kijiti.
Mama Mbeleje akakishika, akakigeuza juani.
"Wizara gani hii inavunja watoto vidole?"
Akanitwika ndoo mwenyewe,
akanisogeza mbele ya mtu wa Fedha
na mtu wa Fedha akanyamaza.

Jioni nikafua.
Kambani yamepangwa mashati meupe ya maofisa,
yamenyooshwa kola, yanasubiri kesho.
Katikati yao nikaanika glovu zangu.
Maji mekundu yanadondoka.
Upepo ukaja, ukaziingia,
zikatanuka vidole kumi
kana kwamba kuna mtu amepiga.

Nami, nikiwa na beseni mkononi,
nikajikuta nimekunja magoti.